Kunde za Vanishi

Wanaosema nilisinzia nawauliza swali moja tu: mtu akisinzia huungua kiganja? Kovu ninalo. Njoo ulitazame kwanza, ndipo uniite mwongo.

Nilikuwa nafanya kazi Spring Valley, kwenye makumbusho ya maisha ya shambani. Si jengo la vioo. Ni boma zima, lenye nyumba za nyasi, ghala na ng'ombe wawili, na sisi tuliovaa kaniki tukitwanga mchana kutwa ili watoto wa shule waone bibi zao waliishi vipi. Mimi ni mtu wa Kitui, kwa hiyo nilipewa nyumba ya Wakamba. Mlikuwa na mafiga matatu yasiyowahi kuonja moto, maana meneja aliogopa nyasi zishike. Mlikuwa pia na kibuyu cha mbegu za kunde, kilichonunuliwa kwa familia moja ya huko kwetu baada ya bibi yao kufariki. Mdomo wake ulizibwa kwa gunzi.

Fukusi walipoanza kuzitoboa zile kunde, meneja akaniletea mkebe wa vanishi. Nizipake zote, zing'ae, zisiliwe. Mbegu, jamani! Nilijua ni upuzi, lakini nilitaka mshahara wangu, nikashika brashi.

Ilikuwa saa tisa mchana, mvua inanyesha, wageni wameshaondoka. Nilikuwa nimepaka kama nusu niliposikia sauti ikisema kwa Kikamba, "Mwiitu, binti yangu, unazipaka nini?"

Mlangoni alisimama mama mzee aliyejifunga shuka. Nilimtazama miguu kwanza. Nani asingetazama? Sote tumesikia habari za majini wenye kwato. Ilikuwa miguu ya binadamu, ina nyufa na vumbi. Vumbi, nakwambia, na nje mvua inamwagika.

"Vanishi, susu," nikamjibu, maana kwetu bibi ndiye susu. "Zisiharibike."

Akachukua moja iliyopakwa, akaionja kwa ulimi, akaitema kando ya mafiga. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Hizi nilizichagua moja moja mwaka wa njaa," akasema. "Watoto wangu wanalia, nami nawakatalia mbegu. Unafikiri niliwanyima ili zije kutazamwa?"

Nikaweka brashi chini. Niliona aibu.

Kisha, niamini, akainama kwenye yale mafiga baridi akachota jivu. Jivu la wapi? Akanifungua kiganja, akalimimina, akaweka juu yake kunde ambazo sikuwa nimezipaka, akanikunja vidole. Lilikuwa la moto. Nilifumba macho kwa uchungu, na nilipoyafumbua nyumba ilikuwa tupu. Wafula, askari wa getini, aliapa kwamba tangu basi la wanafunzi litoke hakuna mtu aliyeingia. Lakini malengelenge yangu aliyaona.

Nilizipanda jioni ile ile nyuma ya ghala, kwa mkono mmoja.

Siku ya tano zilikuwa zimechipua, na meneja akaziona.

"Hizo kunde ziko kwa list ya vitu vya makumbusho," akasema. "Ng'oa zote, halafu uniandikie barua ya kuomba msamaha."

"Sing'oi. Mwenyewe amesema zipandwe."

"Mwenyewe gani?"

Nikamwonyesha kiganja. Akanionyesha geti.

Nilitoka na miche sita ndani ya kaniki yao, na kama wanaitaka hiyo kaniki waje kwangu Woodley waichukue. Miche hiyo imezaa mara mbili sasa. Kanisani wanataka kuniombea kovu liondoke, nimewakatalia. Kila mvua ikianza kiganja hupata joto na kunuka moshi, nami hutoka nje kupanda. Kazi sijapata nyingine ya kudumu. Sijutii.

Juzi Wafula alinipigia simu. Ile kunde yenye vanishi, aliyoitema susu, imechipua kando ya mafiga. Meneja ameikata mara tatu, na mara tatu imerudi.

Kwa hiyo wewe uliyechukua nafasi yangu, nakuonya mapema. Akija mzee mwenye vumbi miguuni na nje kunanyesha, akuulize unapaka nini, weka brashi chini ufungue kiganja. Kitaungua. Fungua tu.