Orodha ya Waliolala kwa Mama

Ile kazi niliipata kwa sababu ya mwandiko. Nilikuwa Voi nikishusha magunia ya vitunguu yaliyotoka Mboghoni, na mwenye kibanda alinipa kalamu nene niandike juu ya kila gunia jina la mkulima wake. Kijana mmoja mwenye miwani alikuja kununua vitunguu, akasimama kuyasoma magunia badala ya kuvichagua. Akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la saba, na hilo lenyewe sikulimaliza. Akauliza kama najua Kidawida. Nikamwambia hicho ndicho nilichonyonya.

Wiki iliyofuata nilikuwa na kofia, tableti ya kazi na viatu vya mpira. Kabla ya hapo nilikuwa nimekata mkonge, nimelinda geti, nimeuza mitumba Taveta na kukaa mwaka mzima upande wa pili wa mpaka bila sababu ambayo ningeweza kumweleza mtu. Hii ilikuwa kazi ya kwanza ambapo nililipwa kwa kuuliza maswali, jambo ambalo shuleni nilikuwa nikichapwa kwa ajili yake.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima kifua kikuu kimeenea kiasi gani. Kijana wa miwani alikuwa mtu wa hesabu, sio daktari. Nilimuuliza kwa nini wasiende tu hospitalini wakahesabu wagonjwa.

"Hospitali inawajua waliofika hospitali," akasema. "Sisi tunatafuta wale hawajafika."

Kwa hiyo vijiji vilichaguliwa kwa kura, na katika kila kijiji sisi tulitangulia nyumba kwa nyumba kuandika nani anaishi hapo. Baada yetu lilikuja lori lenye mashine ya eksirei, likaegeshwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Aliyeandikwa ndiye aliyeitwa kupigwa picha, na ambaye picha yake ilikuwa na kivuli, au alikuwa na kikohozi, ndiye aliyepewa kikombe cha makohozi. Ambaye hakuandikwa hakuitwa. Kura ikaangukia upande wetu wa Mwanda, na nilijua kabla ya kupanda mlima kwamba mdogo wangu anakohoa. Nilikuwa nimemsikia kwenye simu, nyuma ya sauti ya mama.

Tulifundishwa siku tatu katika ukumbi wa kanisa. Siku ya pili yote iliishia kwenye swali moja: nani anaishi hapa? Mtu wa hesabu alidhani ni swali jepesi. Sisi wa mlimani tulikuwa tukitazamana tu, maana tulijua. Ukimuuliza mama wa Mwanda au wa Mghange nani anaishi hapa, atakutajia watu saba, na nyumbani yuko peke yake na mbuzi. Atamtaja aliye Mombasa tangu kuoa. Atamtaja aliye Nairobi. Kwake yeye, mtu anaishi mahali atakapozikwa, huko kwingine yuko safarini tu. Ukibisha anakuona huna adabu.

"Sasa nikiandika hivyo," akasema mtu wa hesabu, "Nairobi itabaki bila watu."

"Na makaburi yenu ya huko yatabaki matupu," akajibu mwenzangu mmoja, mama wa makamo aliyekuwa mhudumu wa afya kijijini. Ukumbi ukacheka.

Ndiyo maana kulikuwa na kanuni. Usiulize nani anaishi hapa. Uliza nani amelala hapa kila usiku kwa usiku kumi na nne zilizopita. Aliyetimiza, andika. Ambaye hakutimiza, mwache, hata kama amekaa mbele yako akinywa chai. Na kwa kuwa watu hawakumbuki tarehe, tulipewa karatasi ya matukio ya kijiji ya mwezi ule: siku ya soko, mvua ya mawe, mazishi ya jirani, harambee ya paa la kanisa. Mtu akisema alikuja siku fulani, unamrudisha kwenye tukio, kisha unahesabu usiku kwa vidole.

Kanuni nyingine ilisema nisiandike kwetu. Nyumba za kijiji chetu alipangiwa yule mama mhudumu wa afya, lakini Jumatatu asubuhi aliteleza kwenye ukungu juu ya shule, mguu ukateguka, na mtu wa hesabu akanipigia simu niendelee na orodha yake. Sikumwambia kwamba nyumba ya nne kwenye orodha ni ya mama yangu. Hakuuliza. Nilikuwa nimetoka pale miaka mingi na jina langu halikufanana na la mtu yeyote wa nyumba ile.

Mama alikuwa akiponda kimanga cha mihogo na maharage. Alinitazama kofia, kisha viatu.

"Umekuwa serikali?"

"Nahesabu watu, mama."

"Basi kaa uhesabu ukiwa umekula."

Nilikaa. Nikamuuliza swali kama tulivyofundishwa, neno kwa neno, na yeye akaanza kama nilivyojua ataanza. Akamtaja dada yetu aliyeolewa Bura. Akanitaja mimi.

"Mimi siishi hapa, mama."

"Kwani utazikwa wapi, barabarani?"

Nikamwambia ni wa kulala tu. Usiku kumi na nne. Akafikiri, mwiko mkononi. Akasema basi ni yeye na mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa amepanda kutoka kwa dada, sio kutoka machimboni kama nilivyodhani, na alikuja ile Jumamosi ya mazishi ya jirani. Alikumbuka kwa sababu sufuria zake zote zilikuwa zimeazimwa msibani, ikabidi ampikie kwenye kile kisufuria cha dawa za kienyeji. Mdogo wangu hakwenda mazishini. Alilala tangu saa nane mchana mpaka Jumapili.

Nilihesabu kwa vidole chini ya meza. Jumamosi ile ya mazishi mpaka usiku wa kuamkia siku hiyo: kumi na sita.

Mama akatoka kwenda kukamua mbuzi apate maziwa ya chai. Mdogo wangu akaingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amekonda shingoni, mahali ambapo hujui mtu anaweza kukonda. Kwa miaka minne alikuwa akichimba mawe ya kijani huko chini tambarare, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, ambako vumbi likikuingia unaosha koo kwa chai ya rangi na kurudi. Alikaa kwenye kiti cha mama, akakohoa akiwa ameziba mdomo kwa kiwiko, halafu akaiangalia tableti.

"Bro, hiyo ndiyo ya TB?"

"Ndiyo."

"Usiniweke hapo."

Nikamwambia ni picha tu, inachukua dakika moja. Akasema picha ni dakika moja, lakini habari zake ni za miaka. Wenzake shimoni walikuwa wameona dalili ya jiwe. Walikuwa wanne, na mtu akisikika ana TB hashuki tena shimo moja na wenzake, na nafasi yake ina mwenyewe kabla hajafika barabarani. Tena watu wakisikia TB hawasikii TB peke yake, wanasikia na ukimwi.

"Nikimaliza hili jiwe nitaenda mwenyewe," akasema. "Halafu wewe una sheria yako, sindiyo? Mama ameniambia mnauliza usiku kumi na nne."

"Kumi na nne."

"Nimekuja Jumamosi. Sio ile ya mazishi, hii iliyofuata. Hesabu."

"Tisa," nikasema.

"Basi. Mimi mgeni."

Alinitazama. Nikaandika tisa, na ile tableti yenyewe ikamfuta, ikaweka mstari wa kijivu juu ya jina lake. Ilikuwa imetengenezwa hivyo. Nikabonyeza kutuma. Ninachokumbuka ni kwamba mtandao ulikuwa mdogo na kile kiduara kilizunguka muda mrefu, na sote wawili tulikiangalia kikizunguka. Sikusikia chochote moyoni. Nilikuwa na njaa.

Mama akarudi na maziwa, akauliza kama tumemaliza. Nyumba ya nne ilikuwa na mtu mmoja. Jumatano mama alivaa gauni la kanisani akapanda kwenye lori, akapigwa picha, ikatoka safi. Aliwaambia majirani kwamba nyumba yake imepimwa na haina kitu.

Wiki ya mwisho tulikuwa tukifunga mahema pale uwanjani. Nilimuuliza mtu wa hesabu nyumba moja ina maana gani, ikiwa wilaya ina nyumba nyingi hivi. Akasema kila mtu aliyeandikwa anasimama kwa niaba ya wengine wengi ambao hatutawafikia. Nikauliza, na ambaye hakuandikwa? Akasema huyo hasimami kwa mtu. Kisha akanieleza jinsi wanavyopima uzito wa ugonjwa kwa watu wote. Kuna namna mbili za kupoteza miaka. Moja ni kufa kabla ya umri uliotarajiwa. Nyingine ni kuishi ukiwa mgonjwa, kwa sababu mwaka wa ugonjwa huhesabiwa kuwa umepotea kipande. Unajumlisha hiyo miaka na vile vipande.

"Nani anaamua ukubwa wa kipande?"

"Watu huulizwa."

"Wagonjwa?"

"Watu wa kila aina. Wengi ni wazima."

"Mzima atajuaje?"

Alicheka akakunja kamba ya hema. "Wewe ungemaliza shule ungetusumbua sana."

Nikarudi Voi, kwenye vitunguu. Mdogo wangu alirudi shimoni. Lile jiwe halikutoka, au lilitoka kwa watu wengine, sikuwahi kujua vizuri. Miezi saba baadaye alitapika damu kwenye ndoo ya kuvutia udongo, na wenzake walewale aliokuwa akiwaogopa wakamtoa juu kwa kamba na kumfikisha hospitali. Huko alikutwa na kifua kikuu, pafu moja limeliwa sana na la pili limeguswa. Alimeza dawa miezi sita. Alipona, kwa maana kwamba makohozi yake sasa hayana kitu. Pafu halikurudi.

Nilipanda kumwona katikati ya zile dawa, nikakutana naye kwenye njia ya kutoka barabarani, amekaa juu ya bomba la maji. Ile njia tulikuwa tukiipanda mbio na vibuyu kichwani. Sasa alikuwa na vituo vitatu vya kupumzika, na bomba lilikuwa cha kwanza. Nikakaa naye. Nikamweleza ile hesabu ya vipande. Nikamuuliza, mwaka wake mmoja wa sasa, yeye angesema kimepotea kipande gani.

Alifikiri sana, akivuta pumzi kwa mdomo.

"Inategemea," akasema. "Nikiteremka, robo. Nikipanda, wote."

Tukakaa mpaka pumzi ikamrudia.

Siku ileile alikuja yule mama mhudumu wa afya, aliyeteguka mguu. Bado alikuwa akichechemea kidogo. Mtu akipatikana na ugonjwa, waliolala naye nyumba moja nao wanapaswa kupimwa, na mama yangu alikuwa ameahirisha mara mbili kwa sababu alishapimwa kwenye lori na akaambiwa hana kitu. Hakuona kwa nini arudie. Tena alikuwa ameanza kukohoa, kidogo tu, na alisema ni moshi.

Tulikuwa sote wanne jikoni. Mhudumu alikuwa na fomu ya karatasi na kalamu. Alimuuliza mdogo wangu kikohozi kilianza lini. Akasema kabla ya ile hesabu ya lori. Akamuuliza wakati huo alikuwa amelala wapi.

"Hapa," akasema mama.

"Usiku ngapi?"

Mama akaanza habari ya sufuria zilizoazimwa. Mhudumu hakuielewa, alikuwa amesimamisha kalamu akisubiri namba. Mdogo wangu akatabasamu, akanielekeza kidevu.

"Muulize huyu. Yeye ndiye mwandishi."

Kila mtu akanitazama. Nje mbuzi alikuwa akijikuna kwenye mabati. Ningeweza kusema tisa tena, ilikuwa imeandikwa tayari mahali fulani, nadhani iko huko mpaka leo.

"Kumi na sita," nikasema.

Mhudumu akaandika. Akamgeukia mama, akamweleza kwamba hizo ni usiku nyingi, tena kuna na zile za baadaye, na kesho asubuhi, kabla ya chai, atakohoa kutoka ndani kabisa ya kifua, sio mate. Akampa kikombe. Mama akakishika kwa mikono miwili kama anavyoshika kitu cha mtu mwingine.

Mdogo wangu hakuwa akitabasamu tena. Alikuwa akinitazama, na hakuonekana kuwa na hasira. Alionekana kama mtu anayehesabu.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Mimi wakati wote huu nilidhani nimekudanganya." Akavuta pumzi, na pumzi ikachukua muda wake. "Pale hospitali usiku nilikuwa nikisema, nimemdanganya kaka yangu, sasa nalipa."

Mama akauliza tunazungumza nini. Mhudumu akauliza kama kuna mwingine ambaye amelala nyumba hii tangu wakati huo, na mama, akiwa bado na kikombe mikononi, akaanza tangu mwanzo: dada yetu wa Bura, kisha mimi.