Zana za Babu na Sanduku la Maua

Sisi tuliokulia Mji wa Kale miaka ya tisini tunaijua raha ya vichochoro vyetu saa za alasiri. Tukitoka chuoni kusoma Kurani, juzuu zikiwa bado makwapani, tulikimbilia viazi vya karai, ukwaju ukatuchirizikia hadi viwikoni. Wavulana walicheza gololi, sisi wasichana tukacheza mdako barazani, na mama zetu wakatuita kwa majina kutoka madirishani. Siku hizi ukimpa kijana kiazi cha karai anauliza kama kuna mayonezi.

Raha yangu kubwa ilikuwa Jumapili. Baba yangu, Said, alikuwa karani bandarini, lakini marehemu babu alikuwa seremala, na alipofariki alimwachia baba zana zake zote: randa, patasi, misumeno na keekee. Baba alizitumia katika chumba cha chini kilichofungukia kichochoroni. Alikiita gereji, ingawa hakikuwahi kuingia gari. Kiliingia baiskeli yake tu. Siku hiyo ya mapumziko alibaki na fulana na kikoi, akapiga randa huku akiimba kasida kwa sauti ya chini, nasi tukaokota maranda yaliyojikunja tukayavaa kama bangili. Randa ile ilikuwa ya mti, na ubavuni ilikuwa na kibonyeo kilichochimbwa na kidole gumba cha babu kwa miaka mingi. Baba alipoishika, kidole chake kiliingia mle mle.

Zana zilikaa ndani ya magunia. Nyanya, mamake baba, hakupendezwa. "Saidi, zana hizi ndizo zilizokulisha," alimwambia. "Zitafutie pa kulala."

Baba aliitikia tu, mpaka dada yangu Zuhura alipoposwa. Hapo aliahidi mbele ya watu kwamba kasha la harusi atalichonga mwenyewe, kwa zana zile zile ambazo babu alitumia kuwachongea shangazi zangu makasha yao. Akanunua mbao za msaji akaziegemeza ukutani zikauke. Ila kabla ya kuanza alitaka zana zipate sanduku lake, nami nikafuatana naye kulitafuta.

Tulianzia Bondeni kwa Fundi Athumani, rafiki wa marehemu babu. Alikuwa amemaliza sanduku la mvule, pembe zake zimevishwa shaba, ndani limegawanywa visanduku vilivyotandikwa kitambaa kizito. Kifuniko kilishuka taratibu, kikakaa bila kuacha upenyo. Baba alilifungua akalifunga, akalifungua tena.

"Hili litatuzika sote, Bwana Said," fundi alisema.

Baba aliuliza bei, akaondoa mkono kifunikoni. "Nitarudi, inshallah."

"Nakuwekea. Lakini usikawie, mwanangu."

Tulirudi kwa njia ya Makadara. Nje ya duka moja yalipangwa masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa shule za bweni, ya buluu yenye maua mekundu. Bei yake ilikuwa kama mzaha ukilinganisha na la mvule. Baba aligonga bati kwa ngumi. "Sanduku ni sanduku," aliniambia. "La maana ni kilichomo."

Tulipofika nyumbani nyanya aliligeuza geuza. "Hili ni la nguo, Saidi," alisema. Baba akacheka, akapanga zana, akatia kufuli.

Kisha zikaja mvua zile kubwa ambazo kila mtu wa rika letu anazikumbuka. Baba alikuwa Malindi kwenye matanga ya ami yake, na barabara ikakatika akashindwa kurudi. Maji yaliingia kichochoroni, yakapanda kizingiti, yakajaa gereji. Tulihamisha juu mchele, magodoro na mbao za Zuhura. Sanduku lilikuwa zito na ufunguo alikuwa nao baba. Mama alikigusa kifuniko akasema, "Hili limefungwa, halina neno."

Baba aliporudi, hata viatu hakuvua. Alifungua kufuli, tukaona maji meusi. Bati lilikuwa limeachia kwenye maungio ya chini, maji yakaingia, na tope likayazuia yasitoke. Vyuma vilikuwa vimeliwa na kutu. Randa ya babu ilikuwa imevimba ikapasuka katikati, na ufa ulipita pale pale penye kibonyeo. Baba alivishika vile vipande viwili, akajaribu kuviunganisha mkononi. Mama alisema, "Pole, Baba Zuhura."

Alisugua vyuma kwa msasa na mafuta ya taa mpaka vidole vikachubuka. Alikwenda tena Bondeni, akakuta la mvule limeshanunuliwa. "Nilikungoja," fundi alimwambia, akamwazima randa yake. Baba aliipitisha mara chache juu ya msaji, akaiweka chini. "Mkono hauitambui," alisema.

Harusi ikafika. Badala ya kasha, Zuhura alipelekwa na kabati la dukani lenye kioo. Wanawake walilisifu kwa vigelegele. Zuhura alimbusu baba mkono akasema, "Ni zuri, baba, ahsante," na baba akatazama kando. Baada ya hapo hakuigusa tena kazi ya mbao. Msaji ukauzwa, na chumba kikakodishwa kwa muuza vinyago.

Baba alipofariki, mimi na Zuhura tulikaa na mama katika eda yake. Siku moja, tukichambua mchele, Zuhura alisema ghafla, "Lile kabati sikulitaka. Ningepokea kasha lililopinda, lisilofunga, bora liwe limetoka mkononi mwake."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Niliona haya. Nilidhani nitamuumiza. Kumbe yeye alidhani nimeridhika."

Leo madukani kuna masanduku ya zana yenye magurudumu na droo zinazoteleza zenyewe. Wanangu wananunua, wanapiga picha, na bisibisi zao hazijawahi kuona skrubu. Siwalaumu, nyumbani kwao droo ikikwama, hununuliwa kabati jingine. Wananiambia wananipenda kila siku, kwa simu, bila haya, na mimi hufurahi. Enzi zetu maneno hayo hayakuwa mdomoni mwa mtoto. Tulibusu mkono tukainamisha kichwa, tukaamini mzazi amejua. Sasa mimi na Zuhura tumejifunza kuyasema, na baba hayupo.