Mdomo wa Vidole Vitatu

Sonkali aliuza golgapa nje ya lango la shule ya sekondari ya wavulana ya Bharwapur kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumshawishi apunguze bei wala ukubwa. Alianza na kikapu cha kuazima mumewe alipofariki. Sasa alikuwa na mkokoteni wa magurudumu manne na ndoo tatu za maji ya ukwaju na mnanaa. Golgapa yake ilikuwa na ukubwa wa yai la kuku wa kienyeji, ya unga uliokaangwa ukavimba, tupu ndani. Unaitoboa kwa kidole gumba, unaitia viazi na dengu, unaizamisha ndooni, unampa mteja, naye anaitia mdomoni nzima nzima. Hakuna njia nyingine. Ukiiuma nusu, maji yanakumwagikia kifuani na wenzako wanakucheka mpaka kengele ya mwisho.

Ndiyo maana siku kijana mmoja wa darasa la kumi alipoomba bakuli, Sonkali alimkazia macho.

"Bakuli la nini?"

"La kuvunjia, Shangazi. Haiingii."

"Fungua mdomo."

Kijana akafungua.

"Fungua nakwambia."

"Ndiyo nimefungua hivyo."

Kufikia Jumamosi walikuwa kumi na mmoja. Wengine waliomba golgapa ndogondogo, kama lozi. Sonkali akawaambia yeye hauzi dawa ya minyoo.

Sababu ilikuwa hatua kumi na tano kutoka langoni, ng'ambo ya barabara: kibanda cha Harcharan Chaurasia, kilichofunikwa kwa mashada ya vipakiti utadhani kinaolewa. Vipakiti viliuzwa pachapacha, kimoja popoo ya kutafuna yenye manukato, kingine tumbaku. Sheria ilikataza kuvichanganya kiwandani. Haikukataza kuvichanganya kiganjani. Vijana walivimimina, wakasugua kwa kidole, wakatupia shavuni, wakaingia darasani.

Sonkali alifunga mkokoteni mapema siku moja akaenda kwa daktari wa meno wa zahanati ya serikali. Daktari akamweleza kwamba nyama ya ndani ya mashavu hukakamaa kama ngozi ya ngoma. Mdomo mzima huingiza vidole vitatu vya mwenyewe, vimesimama kati ya meno ya juu na ya chini. Vikibaki viwili, hiyo ni hatari. Kikibaki kimoja, maisha ni supu na mrija, na mara nyingine saratani nyuma yake.

"Wakiacha, mdomo unarudi?" aliuliza Sonkali.

"Wakiwahi, kidogo. Wapachike vijiti vya aiskrimu kati ya meno kila siku, kila wiki waongeze kimoja."

"Kidogo kiasi gani?"

"Shangazi, hii si nyanya ya kupimiana sokoni."

"Kila kitu ni nyanya, daktari."

Hakulia wala hakuhubiri. Alipiga hesabu yake akaona jambo liko wazi: mdomo usiofunguka hauli golgapa, na mji wa midomo iliyofungwa hauna nafasi ya Sonkali. Kati ya ule mkokoteni na kile kibanda, kimoja kilikuwa lazima kiondoke.

Kwanza alijaribu njia ya heshima. Shule ilikuwa na Kamati ya Kupambana na Tumbaku, naye akaomba kusikilizwa. Mwenyekiti alikuwa naibu mkuu wa shule, mtu wa heshima zake, mwenye donge la tumbaku shavuni tangu asubuhi. Mtu mwenye donge hawezi kusema akiwa ameinamisha uso, atamwagika. Huinua kidevu, akaangalia dari, akasema kwa irabu tupu. Katika wajumbe saba wa kamati, watano walikuwa wakiangalia dari.

"A-o i-i i i-o," alisema mwenyekiti.

"Mwenyekiti anasema jambo hili ni zito," katibu akafafanua.

"Sheria inasema tumbaku iuzwe yadi mia kutoka langoni," alisema Sonkali. "Kibanda kihamishwe."

Wajumbe wakaguna kwa kukubali, mmoja akakimbilia dirishani kutema. Iliazimiwa mstari wa njano uchorwe barabarani penye yadi mia. Ukachorwa, wakapigwa picha. Lakini rangi haisukumi kibanda. Harcharan alibaki palepale, na mwezi haukuisha kabla mate mekundu hayajaufunika mstari, ikawa hata anayetaka kuutii hajui ulipo.

Sonkali akarudi kwenye anachokijua. Alitundika kibao mkokotenini: "Anayeingiza golgapa nzima tano, ya sita bure. Anayetaka bakuli alipe mara mbili." Kijana wa miaka kumi na sita unaweza kumtisha kwa saratani asubuhi mpaka jioni asishtuke. Mwambie mdomo wake ni wa bibi kizee mbele ya wenzake, usingizi hamjii. Vijiti vya aiskrimu vikaanza kuadimika madukani.

Kisha akina mama wakapata habari. Wa kwanza alimleta mchumba wa binti yake kama anayepeleka ng'ombe mnadani. "Mpe moja," alisema. "Nione." Mchumba akaila bila shida, uchumba ukafungwa siku hiyohiyo. Kufikia majira ya baridi, kuhani wa hekalu alilinganisha nyota za wachumba, halafu Sonkali akapima mdomo, na nyota zikigombana na mdomo, watu walianza kumwambia kuhani atazame upya.

Ndipo Harcharan alipovuka barabara, mchana mmoja.

"Shemeji, Jumapili baba yake Rajni, binti tunayemposa, anakuja kumwangalia mwanangu Pushpendra."

"Nimesikia. Hongera, kaka."

"Anataka golgapa yako. Ya mwingine haitaki."

"Basi mmenipatia kazi."

"Itengeneze ndogo. Moja tu. Nani atajua?"

"Mimi."

"Nitakupa..."

"Usitaje. Ukitaja nitajua unaniona wa bei gani, halafu tutagombana. Mwanao ana vidole vingapi?"

Harcharan akayatazama mashada yake ng'ambo. "Viwili. Labda na nusu."

"Anatafuna kutoka kwako?"

"Nimemkataza asiguse bidhaa, shemeji. Anasema yeye ni mteja, analipa."

Sonkali akaizamisha golgapa moja, akampa mteja aliyekuwa akisubiri. "Ndogo sitengenezi. Lakini hata mimi kuja kwako kuna bei. Kibanda kihame kabla ya Jumapili."

"Hata kama mtoto akishindwa?"

"Hata kama. Nauza golgapa, siuzi matokeo."

"Na nisipohama?"

"Jumapili nitakuwa na homa."

Harcharan akasema yadi thelathini. Sonkali akasema mia mbili. Harcharan akasema sitini, watoto wake watakula nini. Sonkali akasema mia na hamsini, watoto wa wenzake watakula kwa mdomo gani. Wakavutana mpaka jua likageuka, wakaafikiana mia, ambayo ndiyo ilikuwa sheria tangu mwanzo. Jumamosi wanaume wanane walikibeba kibanda, na ilibidi Harcharan mwenyewe asugue lami kwa brashi kuutafuta mstari.

Jumapili Jagatpal, baba yake Rajni, mwenye mashine ya kusaga katika kijiji cha Semri, aliketi barazani kwa Harcharan, kidevu juu. Pushpendra alisimama mbele yake na shati jeupe jipya. Sonkali aliijaza golgapa ya saizi ileile ya miaka kumi na tisa akamkabidhi. Kijana akafungua mdomo mpaka machozi yakamtoka. Golgapa ikagonga meno, ikakaa hapo kidogo kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa, ikapasuka. Shati likawa la kijani.

Jagatpal akasimama. "I-o-i i-i a-u," alisema kwa ukali, akiitazama dari.

"Anasema nini?" Harcharan akauliza.

Sonkali alikuwa ameshakaa na kamati; lugha ile aliijua. "Anasema hamwozi binti yake."

"Mwambie ateme kwanza, tuzungumze."

Jagatpal akatema pembeni mwa baraza, akafuta midomo. "Kijana mzima anashindwa kitu kama hiki," alisema, sasa kwa konsonanti zote. "Lete moja, nimwonyeshe inavyoliwa."

Sonkali akampa. Jagatpal akaifikisha mdomoni kwa madaha. Ikagonga meno. Akaisukuma kwa kidole. Ikapasuka, maji yakamwingia ndani ya kola.



"Zimevunjika zote mbili," alisema Sonkali, akawapa kitambaa.

"Hii yako ni kubwa," alisema Jagatpal.

"Ni ileile tangu binti yako hajazaliwa."

Simu ya Jagatpal ikalia. Aliitazama, akampa Sonkali kama anayemkabidhi nyoka. Alikuwa Rajni mwenyewe.

"Shangazi, amekula?"

"Hajala."

"Baba je, amesemaje?"

"Naye hajala."

"Yeye aliingiaje kwenye mtihani usio wake?"

"Alikuwa anaonyesha mfano."

"Sasa hapo nani anamkataa nani?"

"Hilo ndilo linalowakalisha hapa kimya, mwanangu."

Rajni akatoa masharti yake, na Sonkali aliyapenda kwa sababu yalikuwa mafupi. Wote wawili waache kutafuna. Siku ya Holi, sikukuu ya kupakana rangi, wapimwe tena, yeye akiwepo. Pushpendra akishindwa, hakuna harusi. Baba akikataa kupimwa, hakuna harusi vilevile.

Mapumziko ya shule yalikuwa dakika kumi. Yadi mia kwenda na mia kurudi, kwenye jua, ziliwashinda wavulana wengi. Harcharan akaanza kutundika vipakiti vya viazi vya kukaanga na kumlaani Sonkali kwa adabu. Pushpendra alikuwa akikaa kibandani na vijiti ishirini mdomoni, asiweze kuzungumza na mteja. Kufikia Holi vilikuwa ishirini na vinne. Akaiingiza golgapa mbele ya Rajni. Iliingia kwa shida, imepata ufa, lakini hakuna tone lililotoka. Sonkali aliinama akatazama shati kwa makini, akasema, "Nzima."

Ya Jagatpal ikavunjika. Aliacha kwa siku tisa tu, kisha akawa anatafuna kwa kujificha nyuma ya mashine yake ya kusaga. Rajni hakumgombeza. Alimshika mkono wakiwa na rangi za Holi usoni, akampeleka moja kwa moja kwa daktari wa meno, na daktari akaona doa jeupe ndani ya shavu, akamwandikia barua ya kwenda hospitali ya mjini likakatwe.

Jioni Harcharan alikuja mkokotenini, ameishiwa nguvu. Tarehe ya harusi ilikuwa imeshapangwa, na Sonkali ndiye aliyepewa kazi ya golgapa za wageni mia tatu.

"Sijui tuifute harusi, na mzee anakwenda kukatwa, shemeji."

"Doa wameliwahi?"

"Daktari anasema wameliwahi."

"Basi sogezeni mbele wiki tatu, msifute," alisema Sonkali, akifunika ndoo. "Viazi vinakaa."