Tupa Sita Tulizopeleka Chuoni

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu alinionyesha njia ya kwenda jikoni. Ilikuwa shule ya sekondari ya ufundi kando ya ziwa, nje kidogo ya Kisumu, na barua yangu ilisema mwalimu wa ufundi wa chuma. Aliisoma, akanitazama, akaisoma tena.

"Madam, hawa watu wamekosea, ama? Sayansi kimu iko upande ile."

Nikamwambia barua haijakosea. Akacheka kwa aibu, akanipa ufunguo wa karakana, nami nikaenda zangu kichwa juu.

Karakana ile bado naiota. Nikikaa hapa kwangu Kaloleni baada ya chakula cha mchana, macho yakianza kulegea, naiona: madirisha makubwa yanayotazama ziwa, magugumaji yakihama polepole kama yana safari yao, na tupa ishirini zikilia pamoja juu ya chuma. Tupa ni chuma chenye meno madogo cha kulainishia chuma kingine. Jiliwa, ambayo sisi wote tuliita vaisi, ndiyo inayoishika kazi isicheze. Mwanafunzi wangu alianza na hivyo viwili tu, muda mrefu, kabla sijamruhusu kusogelea mashine ya kuchomelea.

Jaribio langu lilikuwa moja. Unachonga kipande cha mraba kiingie katika tundu la mraba la kipande kingine, ukikigeuza upande wowote kati ya minne. Kisha unaviinua pamoja dirishani. Mwanga wa ziwa ukipenya pembeni, bado hujamaliza. Nimewahi kusimama pale na wanafunzi, vichwa vimegusana, tukitafuta uzi wa mwanga hadi kengele ikalia tusiisikie. Nilikuwa na furaha siku hizo, na niliijua.

Miaka ikapita hivyo, hadi Jumamosi moja, katika mtaa wa Kondele, nilipomkuta mwanafunzi wangu wa zamani, mmoja wa wale wazuri kabisa, akiuza kava za simu. Nilijua alikuwa amejiunga na chuo cha ufundi cha mjini.

"Kwani chuo uliacha?"

"Niliacha, Madam. Walinipea tupa, wakaniambia hii inaitwa tupa." Alicheka, lakini macho hayakucheka. "Mwaka mzima, ile kitu tulifanya na wewe form two. Nikachoka."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na mimi nikikasirika silali vizuri. Shule ilifundisha, chuo kikafundisha yale yale, na katikati hapakuwa na mtu wa kumuuliza mwenzake umefika wapi. Mwaka huo nilikuwa na Awuor katika kidato cha nne, binti wa fundi wa mashua wa Dunga, mwenye mikono mitulivu kuliko yangu. Baba yake alikuja shuleni akaniambia bila kuzunguka.

"Mwalimu, huyu nyako, huyu msichana wangu, amesoma chuma miaka nne. Kama chuo inataka aanze tena mwanzo, basi aende kwa shangazi yake Nakuru asuke nywele. Huko watamfunza kitu mpya."

Nilimsindikiza hadi getini. Nikapanda matatu kwenda chuoni.

Mkuu wa Idara ya Mitambo alikuwa Kalasinga mzee aliyezaliwa Kisumu, ndevu nyeupe, koti la bluu lenye madoa ya mafuta, na Dholuo iliyonishinda hata mimi Mjaluo. Alinisikiliza huku akifuta kikombe chake cha chai.

"Madam, mimi maneno siwezi pima. Leta watoto sita. Wafanye mtihani ya mwisho ya mwaka wa kwanza pamoja na wangu. Wakipita, kuanzia leo watoto wako wanaingia mwaka wa pili moja kwa moja. Wakianguka, wewe na mimi tusisumbuane tena."

Tulikwenda siku ya Alhamisi, wanafunzi sita, kila mmoja na tupa yake aliyoizoea. Mtihani ulikuwa ule ule wa kipande na tundu. Asubuhi ilipita kama ndoto, vumbi la chuma likielea katika jua, na sikuweza kutofautisha wangu na wao kwa sauti ya tupa peke yake.

Saa saba wakaenda kula. Mimi nikabaki, nikasema nitachunga vyombo. Nikapita mezani nikiinua kazi moja moja dirishani. Ya Awuor ilikuwa na mwanga. Si mwingi, unywele mmoja kwenye pembe, lakini ulikuwepo. Nikaona Nakuru. Nikamwona yule wa Kondele na kava zake.

Kuna ujanja ambao kila fundi wa chuma anaujua na hakuna anayeufundisha. Unachanganya grisi na unga wa chuma, unaisugua kwenye ufa, na mwanga unapotea. Nilichota grisi kwenye mashine ya kukereza, ile tunayoiita lezi, nikaipaka kazi ya Awuor kwa kidole changu hiki. Kisha nikatoka nje, nikanawa, nikasimama nikitazama ziwa kama mtu asiye na hatia.

Waliporudi, Awuor alichukua kazi yake, akaiinua. Aliitazama muda mrefu. Halafu akalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akaifuta pande zote nne, akaiweka mezani na unywele wake wa mwanga. Hakutazama upande wangu. Nilitamani sakafu inimeze.

Mkuu wa Idara alipita na kitambaa chake mwenyewe, akifuta kila kazi kabla ya kuipima. Kwa wanafunzi wake wawili kitambaa kilitoka cheusi.

"Hii dawa naijua," alisema taratibu. "Rudieni mwaka."

Kwa Awuor kitambaa kilitoka safi. Akaiinua dirishani, akaona alichoona, akatoa kipimo chake, bamba jembamba kuliko karatasi. Likakataa kuingia kwenye ule ufa.

"Mwanga inapita, bamba haipiti. Iko sawa. Karibu, nyathina, mtoto wangu."

Watano kati ya sita walipita. Kuanzia hapo kazi ya wanafunzi wetu ilihesabiwa chuoni, kidato cha tatu wakawa wanakwenda kutumia lezi za chuo kila Alhamisi, na walimu wa chuo wakaja kwetu kuona wanafunzi watakaowapokea. Nimewaona waliomaliza mapema wakitengeneza injini za mashua, pampu za maji, mageti ya nusu ya mji huu. Baadaye nilihamishiwa chuoni kusimamia mpango wenyewe, na huko ndiko nilikostaafia.

Siku ya kuniaga, Awuor, ambaye sasa ndiye anayefundisha katika karakana ile ya shuleni, alinipeleka pembeni na soda. Nikaona nisipolisema jambo la grisi leo nitazikwa nalo. Nikamwambia.

"Nilijua, Madam. Ni wewe tu ulibaki ndani."

"Mbona hukusema?"

"Nilikasirika. Nikasema, kumbe hata yeye haniamini."

Alilisema bila kinyongo, akaniongezea soda. Nililia mbele ya wageni, na watu wakadhani ni kwa sababu ya kustaafu.

Nyinyi mnaoanza kazi hii mtaletewa barua nzuri za makubaliano kati ya shule na chuo. Zitieni sahihi, zina faida, nimeziona kwa macho yangu. Lakini nilikwenda chuoni kumwomba mtu baki awaamini wanafunzi wangu. Yeye aliwaamini, mimi nikapaka grisi.