Drafti Iliyofuta Michezo ya Watu

Tusekile wa kijiji cha Lupepo hakuogopa radi wala ng'ombe mkali, lakini mwaka 2004 alijikuta anaogopa barua pepe.

Alikuwa mchapaji kwenye steshenari ya Mzee Yussuph, mjini Tukuyu. Mvua ikiwafungia wateja majumbani, mzee alimruhusu kuchezea kompyuta. Ndipo alipoikuta programu ya drafti, ya zamani, iliyoandikwa na watu wa mbali wakaiacha wazi: yeyote aone ilivyoundwa, airekebishe, awarudishie. Kasoro moja ilimkera. Kingi, kete iliyofika mwisho wa ubao, alitembea hatua moja moja kama kikongwe, wakati kingi wa vijiweni Tukuyu huruka ubao mzima. Tusekile, aliyejifunza kuandika programu kwa kitabu cha kuazima, akamfundisha kuruka. Akatuma. Wenyewe wakamshukuru, wakaitawanya duniani.

Haukupita muda mrefu ikaja barua pepe kwa watengenezaji wote: "Toleo jipya linafuta michezo tuliyohifadhi. Nani kagusa?"

Akaifunga upesi, kama aliyefunua chungu akakuta nyoka. Watamshtaki. Polisi watakuja kutoka Mbeya, kompyuta ya mzee itachukuliwa. Gari likisimama nje tu, aliacha kuchapa akachungulia.

"Binti, unaumwa?" Mzee Yussuph akamuuliza.

"Hapana, mzee."

"Mbona tangazo la kanisa umeandika 'mchezo' badala ya 'mchango'?"

Akamweleza yote, akingoja kufukuzwa. Mzee akatazama ukungu mlangoni.

"Wanajua ni wewe?"

"Jina langu limo kwenye programu."

"Basi hata mimi naogopa sasa. Lakini ukikimbia, watakukumbuka kwa kukimbia. Fungua, nipo hapa."

Kosa lilikuwa lake kweli. Ili kingi aruke, alikuwa amebadili namna ya kuhifadhi mchezo. Michezo iliyohifadhiwa kwa namna ya zamani programu iliiona takataka, ikaifuta. Akasahihisha, akaandika: "Ni mimi. Nisameheni." Kidole kikaganda juu ya kitufe. Umeme ungekatika wakati ule, angeshukuru.

Akabonyeza.

Wenye programu wakapokea marekebisho, polisi hawakuja. Ila mtu mmoja aliandika kwamba michezo aliyocheza na kaka yake, ambaye sasa ni marehemu, haitarudi tena. Hakumlaumu. Tusekile alilia palepale dukani, wateja wakimtazama.

Aliendelea kuitengeneza programu ile miaka mingi. Hakuwahi kutuma kitu bila viganja kulowa jasho.