Amplifaya Iliyosafishwa Kupita Kiasi

Mwaka ule mvua zilipochelewa... hapana, mvua zilichelewa mwaka uliofuata. Mwaka unaosemwa hapa ni ule ambao fundi redio alihamisha duka lake kutoka upande wa jua kwenda upande wa kivuli, maana mke wake alisema jua linamkausha kama nguo iliyosahauliwa kambani. Basi, mwaka huo.

Fundi huyo watu walimwita Kimya. Si kwamba hakuwa na maneno, la. Jina lilitokana na kazi. Redio iliyoingia kwake ikikwaruza ilitoka haikwaruzi. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akifukuza mikwaruzo kama wengine wanavyofukuza panya, na hata mezani aliweza kusimamisha kijiko hewani kwa sababu taa ya jirani inavuma.

Jumatano moja akaingia mdogo wa mke wake, mpiga gitaa, amebeba amplifaya kifuani kama mgonjwa. Ilikuwa ile ya zamani ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani taratibu.

"Shemeji, wananitoa."

"Kaa kwanza. Nani anakutoa?"

"Bendi. Mkuu ameleta tarumbeta mbili. Mimi pale katikati nachezesha mikono tu, kama mtu anayefua. Jumamosi mchana kuna mazoezi. Nisiposikika, nafasi yangu anapewa mtu wa kinanda."

"Ongeza sauti."

"Kitufe kimefika mwisho wa dunia, shemeji."

Mpiga gitaa huyu mchana alipaka rangi nyumba za watu, na kwenye bendi alikuwa na miaka kumi na mmoja. Rangi ilimlisha, hakatai, lakini hakuna ukuta uliowahi kumpigia makofi.

Fundi Kimya akachomoa waya ukutani, akafungua mgongo wa amplifaya, akatia mkono wa kushoto mfukoni. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake: kwenye valvu unaingia na mkono mmoja, ili umeme ukikushika usipate njia ya kuvuka moyo. Tena umeme wa humo hukaa hata baada ya kuchomoa, kama hasira ya mtu aliyesamehe kwa mdomo tu. Akaumaliza kwanza kwa kipande chake cha waya chenye rezista, kile kidude cha kuubana umeme, ndipo akaanza.

Alifanya mambo mawili. Valvu ya kwanza, inayopokea sauti ya gitaa ingali changa, aliibadilisha akaweka yenye nguvu zaidi, aliyoitoa kwenye redio ambayo mwenyewe hakurudi. Kisha akaona chini yake rezista inaibana pumzi. Akailehemea kapasita ndogo ubavuni, isiyozidi ncha ya kidole, sauti ipate pa kupitia. Matone mawili ya lehemu, kwisha.

Wakawasha, wakangoja valvu zipate moto. Mpiga gitaa akagusa uzi mmoja.

Ilitoka sauti kama gunia la mawe linaloburutwa na mtu anayelia. Kikombe kikatembea rafuni.

"Nani ameanguka?" mke wa fundi akauliza kutoka ndani.

Mpiga gitaa alikuwa na machozi. "Shemeji," akasema polepole, "hapo hapo. Usiguse tena."

Sasa, hapo ndipo Fundi Kimya alipopotea. Alidhani shemeji yake anamwonea haya, kama mgeni anayesema ameshiba huku sahani ya mwenyeji imekwisha. Yeye alichosikia ni mkwaruzo, mkubwa kuliko yote aliyowahi kukutana nayo, tena umezaliwa mikononi mwake.

Mpiga gitaa akaenda zake kumalizia ukuta wa watu, akaiacha amplifaya mpaka Jumamosi. Fundi akaitazama Alhamisi kutwa. Ijumaa baada ya chakula akaifungua, akaitoa ile kapasita, akarudisha valvu ya zamani. Tena akaondoa hata mvumo mdogo iliozaliwa nao kiwandani. Sauti ikawa kama maji kwenye glasi. Kuhusu tarumbeta, aliona wapigaji wapunguze pumzi.

"Umemwambia?" mke wake akamuuliza.

"Shati likinyooshwa, mwenye shati hupigiwa mbiu?"

Jumamosi walibeba pamoja, kila mtu upande wake, na fundi mkoba wake wa zana begani, ile valvu yenye nguvu ikiwa bado ndani. Ukumbi ulikuwa wa viti vya plastiki na feni moja inayozunguka kwa hiari yake. Bendi ikaanza. Vidole vya mpiga gitaa vikakimbia, tarumbeta zikalia, na gitaa likawa kama halikuja.

Mkuu wa bendi akainua mkono wote wanyamaze. "Mzee wa rangi, umepiga au umewaza tu?"

Wakacheka. Mpiga gitaa hakucheka. Aliitazama amplifaya, kisha akamtazama mume wa dada yake.

"Shemeji. Uliigusa?"

"Niliisafisha."

"Uliisafisha."

"Niliirudishia afya yake."

"Shemeji, mimi nilikuwa nimeupenda ugonjwa."

Mkuu akasema samahani, mwenye kinanda amekwisha fika, wasipoteze mchana. Na kweli yule bwana alikuwa mlangoni akifuta vumbi kinanda chake, akijitahidi kutotabasamu. Mpiga gitaa akaanza kukunja waya wake, taratibu, kiwiko na kiganja, kiwiko na kiganja. Fundi alipouona mkono ule wenye madoa ya rangi ukikunja waya, akapiga moyo konde.

"Mkuu, hamna wimbo usiotaka gitaa?"

"Upo mmoja."

"Upigeni huo. Mrefu."

Akachomeka chuma chake cha kulehemu. Wakati wanapiga, akaumaliza umeme, akabadilisha valvu, akaichomoa kapasita kwenye mfuko wa shati. Kulehemu kunataka mikono miwili. Wa kushoto ulikuwa mfukoni, kwa hiyo lehemu akaiuma kwa meno na kuinamia kazi kama mtu anayebusu. Wenye tarumbeta walirudia kiitikio mara tatu. Kama ni huruma au walisahau mwisho, hawakusema.

Mpiga gitaa akagusa uzi. Feni ikasita. Tarumbeta zote mbili zikashuka midomoni.

"Umeifanyaje hii, fundi?" mkuu akauliza.

"Nimeiharibu."

"Basi usije ukaitengeneza."

Yule wa kinanda akafunga sanduku lake, akaaga vizuri tu.

Mpiga gitaa alidumu kwenye bendi ile miaka tisa zaidi. Na wapiga magitaa wengine wakaanza kuleta amplifaya zao ziharibiwe vivyo hivyo, na Fundi Kimya akaziharibu kwa uangalifu mkubwa, matone mawili ya lehemu, uso umekunjamana. Lakini swali moja lilimkaa. Alimuuliza mke wake, akaambiwa ale chakula kisipoe. Aliwauliza mafundi wenzake, wakabadilisha mazungumzo. Alimuuliza mpiga gitaa mwenyewe, akakumbatiwa. Swali lenyewe ni hili: mkwaruzo wa ubovu na mkwaruzo wa raha, ukiisikia yote miwili kutoka nyuma ya ukuta, utajuaje upi uuache na upi uutengeneze?