Kaingu Arudisha Trela Nyuma

Kaingu wa Kalama huendesha tuk-tuk Diani mchana kutwa, na akirudi kwake Ukunda huendesha lori. Lori lenyewe liko mezani, ndani ya kompyuta. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi ni jirani yake na nimecheka mwaka mzima, mbavu zimeshazoea.

Kisa chenyewe ni cha zamani. Baba yake, Mzee Kalama wa Samburu, aliendesha matrela kutoka bandarini mpaka Malaba kwa miaka thelathini, akatamani mwanawe amrithi usukani. Kaingu akaenda kujifunza. Siku ya mtihani aliambiwa arudi nyuma, akarudi, na kibanda cha mama wa mahamri kikaenda naye. Hakuna aliyeumia ila mahamri. Mzee alipopata habari alisema, "Basi. Wewe Mungu amekuandikia magurudumu matatu." Maneno hayo yalimkwama Kaingu kama mwiba wa samaki.

Mwaka jana hoteli moja ya ufuoni iliuza vitu vyake vikuukuu. Watu wenye akili waligombania vitanda na feni. Kaingu alitoka na kompyuta ya mapokezi, nyembamba, kongwe, skrubu zimeliwa na chumvi ya bahari. Alipoweka mchezo wa malori, picha zilikwenda kwa kwikwi: lori uliliona barabarani, ukipepesa jicho liko mtaroni.

Akampelekea Beryl, fundi wa kompyuta karibu na soko, binti wa Kisumu mwenye ulimi mwepesi na mkono mwepesi zaidi. Beryl aliifungua, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa.

"Buda, hii mashine imechoka, lakini haijadedi," alisema. "Usinunue mpya, utalia bure. Tuanze na RAM, ikumbuke haraka, alafu tutoe hiyo hard disk ya kitambo tuweke SSD, mwisho tutafute graphics card ya mtumba, ile kadi ya kuchora picha. Iwe fupi, na isikule stima mob, maana hii power supply yako ya kuigawia umeme ni ya ofisi, si ya vita."

Kaingu alifuata maagizo kama mgonjwa anayetaka kupona. Kila mwisho wa mwezi kipande kimoja. Kila kipande kilipoingia alinipigia simu, hata siku ambayo nilikuwa nyuma yake kwenye foleni ya tuk-tuk. "Ndugu yangu, sasa inawaka kabla sijaketi!" Siku kadi ilipofika kutoka Mombasa aliiweka kwenye kiti cha abiria, peke yake, akawapita watalii wawili waliokuwa wakimpungia mkono. Naapa, niliwachukua mimi.

Kisha Mzee Kalama akatuma habari: angekuja Ijumaa, alale siku moja, na Jumamosi saa tisa Harrison, mwenye pikapu ya kupeleka magodoro Samburu, angempitia.

"Nitamketisha kando yangu," Kaingu aliniambia, "aone nikirudisha trela nyuma mpaka mwisho. Nikishindwa safari hii, nayakubali magurudumu matatu mpaka kaburini."

Hakuwa anatania. Nami, kwa mara ya kwanza, sikucheka.

Mkewe, Mwelu, ni Mkamba wa Shimba Hills, na hana mchezo na mgeni. Baba mkwe akija, nyumba nzima huvishwa vitambaa vya kufuma: viti, redio, hata chupa ya chai. Safari hii alifuma na cha kompyuta, cheupe chenye mawaridi mekundu, kikashuka mpaka mgongoni kwa heshima zote. Tulimsifu sana.

Ijumaa jioni Kaingu alimketisha baba yake, akawasha. Dakika kumi, lori likashika mlima, kompyuta ikazima. Akawasha tena, ikazima tena. Jumamosi asubuhi tukaipakia kwenye tuk-tuk mpaka kwa Beryl. Pale ilikwenda saa nzima bila kukohoa. Tukairudisha, Mwelu akaivisha, ikazima. Tukaipeleka tena, ikapona. Tukairudisha, ikafa.

"Hata hii inajua kwamba humu hamna dereva," alisema Mzee Kalama, akaanza kutafuta viatu vyake.

Kaingu alikuwa karibu kulia. Mwelu akaingia na sharubati, akaona kitambaa kimekaa upande, akanyoosha mkono kukiweka sawa.

"Ai! Mbona inachoma kama sufuria?"

Tukatazamana. Chini ya mawaridi, feni ilikuwa ikihema.

"Kwa Beryl hakuna kitambaa!" nikapiga kelele.

"Kumbe mchawi ni mimi!" Mwelu akakivuta kitambaa, akacheka mpaka akaketi sakafuni, na sisi tukacheka naye. Hata mzee mabega yalimtikisika. Ilikuwa saa nane na nusu.

Tulingoja ipoe, tukiipepea kwa kawa ya kufunikia chakula. Kisha Kaingu akawasha, akaondoka na trela lake kwenye barabara za Ulaya, laini kama siagi.

"Kaa kushoto! Utatuua!" Mzee akafoka.

"Baba, kwao ni kulia."

"Basi wamelewa wote."

Lakini mguu wake ulikuwa ukikanyaga breki kwenye mkeka. Penye mteremko alisema, "Punguza gia," na Kaingu akapunguza. Wakafika kwenye bohari. Pa kuegesha palikuwa pembamba, ukuta huku, ukuta kule. Kaingu akafuta viganja kwenye suruali. Akakata kulia ili trela lielekee kushoto, akasimama, akasogea mbele kidogo, akaanza upya. Mzee akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Taratibu... nyoosha sasa... taratibu..."

Trela likaingia katikati ya mistari bila kugusa chochote. Kaingu hakuthubutu kugeuka.

Nje Harrison akapiga honi. Akapiga tena. Mwelu alikuwa tayari mlangoni na mkoba wa baba mkwe.

Mzee Kalama akavuta kiti chake karibu na meza.

"Mwambieni aende," alisema. "Sisi tuna mzigo wa kupeleka."